Fundo la Atuganile na Righa

Siku Ambokile alipoona jina la mke wake limefungwa pamoja na jina la mwanamume mwingine, alikuwa kazini, na alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, kama zilivyo asubuhi nyingi za Tukuyu. Nyumba ya seva ilijengwa mteremkoni, juu ya mashamba ya chai, kwa ajili ya ile baridi. Ukungu uliingia kwa madirisha ya upande wa mlima, ukapita katikati ya mitambo, ukatokea upande wa pili umeshapata joto. Vijana wa mjini walipenda kujisifu kwamba michezo yote ya mtandaoni, kuanzia Kigoma hadi Mombasa, inapumua hewa ya mlima Rungwe. Ambokile alikuwa mmoja wa watunza seva, na kazi yake hasa ilikuwa kumwangalia Mtangulizi.

Mtangulizi ilikuwa programu, lakini pale kazini walimtaja kama mtu. Mchezaji aliye mbali akinyoosha mkono, ishara ya mkono ule huchukua kitambo kidogo kufika kwenye seva. Ni kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, ila katika mchezo wa kasi kinatosha kukuangusha. Ndipo Mtangulizi hubahatisha. Hujifunza tabia za mchezaji, kisha hutenda kile anachoona mchezaji yuko karibu kukitenda, kabla ishara haijafika. Akipatia, hakuna anayejua. Akikosea, hufuta haraka alichokifanya na kuweka kilicho sahihi, na machoni pa mchezaji kitu huonekana kimetikisika.

Lililowashangaza hata waliomtengeneza ni jambo alilojifunza mwenyewe. Mtangulizi aligundua kwamba ukitaka kujua mtu atafanya nini, mara nyingine usimtazame yeye. Mtazame anayemjua. Wachezaji waliozoeana kupita kiasi, kila mmoja hujiandaa kwa ajili ya mwenzake bila kujitambua, na maandalizi hayo husema zaidi kuliko mkono wa mwenye mkono. Watu wa namna hiyo Mtangulizi aliwafunga pamoja. Muungano huo watunza seva waliuita fundo. Mafundo mengi yalikuwa ya mapacha, au ya marafiki waliokua kwenye ua mmoja.

Asubuhi hiyo Ambokile alikuwa akipitia mafundo yaliyolegea ili ayafungue. Aliyapanga kwa kadiri ya nguvu ya kila fundo, na kwa bahati mbaya akayapanga kinyume, lenye nguvu kuliko yote likaja juu. Lilikuwa fundo la wachezaji wawili, mjenzi mmoja wa Tukuyu na mkimbiaji mmoja wa Wundanyi, kule ng'ambo ya mpaka kwenye milima ya Taita. Atuganile na Righa.

Alilitazama kwa muda. Mwenzake wa zamu alimwuliza kama kuna hitilafu. Akasema hakuna.

*

Righa hakuwa mgeni masikioni mwake. Kwa muda mrefu sauti ya mtu huyo ilikuwa ikiingia sebuleni kwao kila alasiri, Atuganile anapovaa miwani na glavu za kuchezea. Alikuwa fundi wa pampu za maji, hana mke, na mwenye maneno ya utani. Alimwita Ambokile shemeji. Akimsikia ameingia ndani alisema kwa sauti kubwa kwamba shemeji amerudi, basi apewe chai kabla hajanung'unika. Ambokile alikuwa akicheka. Hawakuwahi kuonana, na hata Atuganile hakuwahi kumwona Righa ana kwa ana.

Mchezo wao uliitwa Daraja. Wawili wawili hushindana kuvuka korongo lisilo na upande wa pili unaoonekana. Mmoja hukimbia juu ya hewa tupu. Mwingine humtandikia mbao chini ya nyayo, moja baada ya nyingine. Mkimbiaji mzuri hatazami chini. Atuganile alikuwa mjenzi, na katika ligi nzima hakukuwa na mikono iliyosifiwa kama yake.

Alasiri ile Ambokile aliketi akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Aliona jinsi mkewe alivyotandika ubao kushoto kabla Righa hajageuka, na Righa akageuka kushoto. Aliona jinsi alivyotabasamu bila sababu inayoonekana, na sekunde hiyo hiyo Righa, aliye nchi nyingine, akacheka. Hawakuwa wakisemezana. Hilo ndilo lililomchoma. Angewasikia wakinong'onezana angejua la kufanya, lakini hawa walikaa kimya kabisa, na ukimya wao ulikuwa umejaa.

 Siku iliyofuata alimwomba mkewe acheze naye. Atuganile alifurahi mno, maana alikuwa amemwomba hivyo mara nyingi mpaka akakata tamaa. Alimfunga glavu mwenyewe, akamwambia akimbie tu, asiogope, yeye atamtandikia. Ambokile alikimbia akitazama chini. Alianguka, wakaanza upya, akaanguka tena. Alipotaka kwenda kulia ubao ulikuja kushoto, na aliposubiri kushoto haukuja. Atuganile alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, akamwambia, "Mume wangu, wewe hata hewani unatembea kama uko kwenye matope."

Alikuwa amesema kwa mapenzi. Ambokile naye alicheka. Lakini alfajiri yake, alipofika kazini, alichukua kumbukumbu ya mchezo ule akamwuliza Mtangulizi swali ambalo hakutumwa na mtu kuliuliza: je, kwa kumtazama Ambokile, anaweza kubashiri atakachofanya Atuganile?

Jibu lilikuja papo hapo. Ulingano hautoshi. Fundo haliwezi kufungwa.

Alikuwa amelala kitanda kimoja na mwanamke huyu kwa miaka saba. Alijua chai yake inavyotakiwa, alijua mguu gani humuuma kwenye baridi. Aliketi mbele ya maneno yale kama mtu aliyekataliwa posa mbele ya ukoo mzima, akajisemea kwamba mashine haijui ndoa ni nini. Kisha akalifungua fundo la mkewe na Righa. Ilikuwa amri moja fupi, na watunza seva walifungua mafundo kila siku. Alijiambia kuwa ni kwa siku moja tu, aone itakuwaje.

*

Bila fundo, Mtangulizi alirudi kumbahatisha Atuganile kama anavyombahatisha mjenzi yeyote, na Atuganile hakuwa mjenzi yeyote. Mbao zilitokea mahali pasipo pake, zikafutwa, zikatokea tena. Daraja likaanza kutetemeka. Righa alianguka kwenye korongo mara mbili katika mchezo mmoja, yeye ambaye watu walisahau lini alianguka mara ya mwisho.

Siku ya kwanza Atuganile alilaumu glavu. Siku ya pili alizibadilisha. Siku ya tatu alitazama kipimo cha mtandao kilicho pembeni mwa miwani, akakuta ni kizima, kwa sababu kweli kilikuwa kizima. Ishara zake zilikuwa zikifika salama, zikikuta tayari kosa limefanywa. Jioni hiyo alimfuata Ambokile jikoni, ambako alikuwa akimenya ndizi.

"Ambo, niambie kweli," alisema. "Ni seva?"

Lilikuwa swali rahisi, na aliyeulizwa alikuwa ndiye mtu pekee duniani mwenye jibu. Ambokile aliendelea kumenya.

"Seva ni nzima," alisema. "Niliikagua leo mwenyewe."

Atuganile aliitikia kwa kichwa. Alinyoosha mikono yake mbele yake, vidole vimetanuka, akaitazama kwa muda mrefu, na hapo ndipo Ambokile alipomkumbuka mama mkwe wake.

Mama yake Atuganile alikufa kwa ugonjwa unaotembea katika damu ya ukoo. Ulianza mikononi, mtikisiko mdogo usioonekana ila na mwenyewe. Ulipanda hadi kwenye ulimi, ukaishia akilini, na mwisho yule mama hakumjua binti yake aliyemlisha uji. Wakati Ambokile anaposa, Atuganile alimweleza wazi. Kulikuwa na kipimo cha damu cha kujua kama na yeye anao, naye alikataa kupimwa. Alisema anataka kuishi kama mtu asiyejua saa yake, kama watu wengine wote. Mwaka ule, baada ya kuahirisha na kuahirisha, walikuwa wamekubaliana kutafuta mtoto.

Ambokile angeweza kusema pale pale. Kisu kilikuwa mkononi, maganda mezani, mke mbele yake, na neno lenyewe fupi. Lakini kulisema kungekuwa kumwambia kwa nini, na kumwambia kwa nini kungekuwa kulitaja jina la Righa katika jiko lake. Akafikiri atalifunga fundo kesho, na mambo yatajisahau.

Kesho yake hakulifunga. Kilichomzuia ni kitu ambacho baadaye kilimtia aibu kuliko uongo wenyewe. Atuganile, kwa hofu, alikuwa amerudi kwake. Alasiri hakuvaa miwani. Alikuja kuketi ubavuni mwake, akampa mikono yake aishike, akamwomba aikaze mpaka iache kutetemeka. Haikuwa ikitetemeka, lakini aliishika. Sebule ilikuwa kimya, hakuna sauti ya mwanamume wa Wundanyi, hakuna shemeji. Alimpikia, akamfunika shuka, akampeleka kwa daktari kule Mbeya. Daktari, mtu mzima mwenye upole, aliipima mikono na hakuona kitu, ila alipotazama picha za michezo yake alizirudia tena. Alisema mtikisiko huu upo, tena michezo huuona mapema kuliko macho ya binadamu. Alishauri kipimo cha damu. Atuganile alisema hahitaji tena, ameshajibiwa.

Njiani kurudi alilala begani mwa mumewe. Ambokile alijichukia, na wakati huo huo alitamani njia ile isiishe.

*

Righa alimpigia simu Ambokile kazini. Haikuwa imetokea kabla.

Hakuwa na utani. Alieleza kwamba Atuganile amejitoa kwenye ligi, amemwambia habari za mama yake, na amemwomba atafute mjenzi mwingine. Alisema yeye amekataa. Ambokile alimshukuru kwa baridi na kumwambia hili ni jambo la familia.

"Shemeji, nisikilize," Righa alisema. "Mikono yake haina kitu. Mimi najua anavyoweka ubao akiwa amechoka. Najua akiwa na hasira, na najua akiwa na homa. Ile si mikono yake. Kuna kitu kinamwingilia huko kwenu. Tazama tena seva."

"Nimetazama."

"Basi mwite mwingine mtazame pamoja. Nakuomba."

Ambokile alikata simu.  Kwa wiki nzima alikuwa akijisemea kwamba fundo ni hesabu za mashine, kwamba mtu huyo anajua michezo na hajui mke wa mtu. Sasa mtu huyo, akiwa amekaa maili nyingi katika milima mingine, bila kipimo wala ufunguo wa seva, alikuwa amejua ukweli kwa kumjua Atuganile tu. Daktari hakuujua. Dada wa Atuganile, Subilaga, aliyekuja kulia nao, hakuujua. Na mume aliyeujua alikuwa ameukalia.

Wivu ulimwasha upya, mkali kuliko siku ya kwanza, lakini safari hii hofu ilikuwa imekua kuupita. Alilifunga fundo siku ile ile.

Alasiri alimbembeleza Atuganile ajaribu tena, mchezo mmoja tu, bila ligi. Alikataa, akabembelezwa, akavaa glavu kama mtu anayevaa nguo za marehemu. Righa alikuwa akisubiri huko kwake. Walivuka korongo lote. Mbao zilikaa moja baada ya nyingine kama meno, na Righa hakutazama chini hata mara moja. Walipofika mwisho alipiga kelele ya furaha mpaka spika zikakoroma.

Ambokile aliketi akingoja mkewe afurahi. Atuganile alivua miwani taratibu, akaiweka mapajani.

"Mama naye alipata siku nzuri," alisema. "Zilikuwa zikija, tunamchinjia kuku, tunamshukuru Mungu. Halafu zinaondoka."

Ambokile alisema labda ilikuwa uchovu tu, labda imepita. Atuganile alimgusa shavu, akamwambia asijidanganye kwa ajili yake. Kisha akamweleza alilokuwa ameliamua pamoja na Subilaga. Hatazaa. Hatampa mtoto damu hii, wala hatamwachia mtoto kazi ya kumlisha uji mama asiyemjua. Ameshazungumza na hospitali. Alhamisi atafungwa kizazi. Alichohitaji kwa Ambokile ni kwamba aende naye, asiwe peke yake.

 Ambokile aliiona njia nyembamba mbele yake: angeweza kumshawishi akapime damu, na kama ni mzima angeonekana mzima, na hakuna ambaye angejua. Lakini kama hakuwa mzima? Basi angekuwa amemsukuma, kwa uongo wake, kwenye mlango ambao mwanamke huyu alikuwa ameapa kutoufungua. Na kama asingepimwa, angeishi maisha yake yote akisubiri mtikisiko, kwa sababu ya amri moja fupi. Fundo lilikuwa limefungwa tena, mbao zimenyooka, kila kitu kimerudi mahali pake kwenye seva. Humu ndani hakikurudi kitu.

"Ilikuwa seva," alisema.

Atuganile hakuelewa. Ikabidi aseme tena, na safari hii aseme lote: fundo, jinsi alivyoliona, jinsi alivyojipima na kushindwa, jinsi alivyolifungua. Alisema alimdanganya pale jikoni. Alisema alilifunga asubuhi ile, ndiyo maana mikono imepona, maana haikuwahi kuugua. Hakujitetea. Alijaribu mara moja kueleza alivyokuwa akiwatazama wakicheza bila kusemezana, akaona maneno yenyewe hayana uzito, akaacha.

Atuganile alimsikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja.

"Uliponishika mikono, ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nikijua."

Aliinyanyua mikono ile mbele ya uso wake, akaigeuza huku na huku. Kisha akaanza kulia, na Ambokile, kwa mazoea, akanyanyuka kumfuata. Mkewe aliinua kiganja kumzuia bila hata kumtazama. Alilia kama watu wanavyolia wakiletewa habari kwamba ajali imetokea lakini wao wamo miongoni mwa walio hai. Alitikisa vidole, akavikunja, akavinyoosha, akacheka katikati ya machozi. Hasira ilikuwa njiani. Ambokile aliiona inakuja kama mvua inavyoonekana ikishuka Rungwe, lakini ilikuwa bado haijafika.

Alipopata sauti alivaa tena miwani. Ambokile alisimama ili atoke.

"Kaa," alisema Atuganile. "Kaa hapo usikie."

Akakaa. Mkewe hakumpigia Subilaga, wala daktari wa Mbeya. Alimpigia Righa, na Righa akapokea kabla simu haijalia vizuri.

"Ulisema kweli," Atuganile alimwambia. "Mikono haina kitu. Ilikuwa seva."

Kule upande wa pili hakukuwa na kelele ya furaha. Kulikuwa na pumzi ndefu iliyotoka polepole, kama ya mtu aliyetua mzigo, halafu kimya, ule ule ukimya wao. Ambokile aliusikia wote. Wivu ulimrudia, naye hakuwa na amri ya kuufungua wala kuufunga. Alikaza mikono yake mapajani, akabaki ameketi.

Mwishowe Righa aliuliza shemeji yuko wapi.

Atuganile alimgeukia mumewe, akamtazama kwa muda. Ambokile alijaribu kusoma uso ule, kwamba utasema nini, utaficha nini, utamwacha na nini, na hakuambulia kitu. Akasubiri kama mgeni.

"Yupo hapa," Atuganile alisema. "Kesho anakwenda kuwaambia wakubwa zake alichokifanya."

Hawakuwa wameliongea hilo. Ambokile aliitikia kwa kichwa, na Atuganile, alipokwisha kuona kwamba ameitikia, akamgeuzia mgongo akaendelea na mazungumzo yake.